Matukio Kumi na Mawili

Kuna neno moja ambalo watu zaidi ya mia nne walilizuia kinywani kwa miezi mingi. Si neno la matusi, wala si siri ya serikali. Ni neno dogo tu: tumegundua. Aprili 26, 1994, katika maabara ya Fermilab, magharibi ya jiji la Chicago nchini Marekani, waandishi wa habari waliitwa, na wanasayansi wa kundi liitwalo CDF wakasimama mbele yao kueleza walichokipata. Walikuwa wameisaka chembe moja, kwaki topu, kwa miaka mingi. Mikononi walikuwa na matukio kumi na mawili yaliyofanana nayo kabisa. Lakini hawakusema tumegundua. Walisema tuna ushahidi.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa hadithi na mashairi kama mimi, najua kidole chako kimeshaanza kufungua ukurasa unaofuata. Subiri kidogo. Kisa hiki ni cha fizikia, ndiyo, lakini ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaoshika kalamu: neno lina uzito gani, na mtu anapata wapi haki ya kulitamka? Kwa nini watu wazima, wasomi wa kutupwa, wenye mashine ya mamilioni ya dola, waogope neno moja? Tuanze mwanzo.

Jina lililotoka kitabuni

Sote tulifundishwa sekondari kwamba kila kitu, jiwe, sufuria, sikio lako mwenyewe, kimetengenezwa kwa atomu. Ndani ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini mna protoni na nyutroni. Wengi wetu tulifunga daftari hapo. Kumbe safari ilikuwa inaendelea.

Mwaka 1964 wanafizikia wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake bila kuambizana, walitoa wazo kwamba protoni nayo ina wakazi ndani yake. Zweig aliwapa jina la karata za ree. Gell-Mann yeye alikuwa na mlio tu kichwani, hajui auandike vipi, mpaka alipokutana na neno lililofanana nao ndani ya Finnegans Wake, riwaya ya James Joyce iliyotoka mwaka 1939. Basi jina la mwandishi wa riwaya likashinda, na leo dunia nzima inasema kwaki. Wenzangu, msidharau kazi yetu.

Mwanzoni kwaki zilikuwa tatu: apu, dauni na strenji. Mwaka 1968 majaribio ya Stanford, California, yalirusha elektroni kwenye protoni na kuona zinaruka kama zimegonga vitu vigumu vidogo ndani yake. Mwaka 1973 Wajapani wawili, Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa, waliandika kwamba ili kueleza tofauti fulani kati ya maada na kinyume chake, kwaki zingebidi ziwe sita. Sita! Wakati huo zilizokuwa na ushahidi ni tatu tu. Lakini Novemba 1974 ikaja ya nne, chamu, iliyoonekana kwa wakati mmoja katika maabara mbili za Marekani. Mwaka 1977 ikaja ya tano, botomu, pale pale Fermilab, katika kundi la Leon Lederman.

Sasa kwaki huenda wawiliwawili: apu na dauni, chamu na strenji. Botomu alikuwa peke yake, kama bwana harusi aliyefika ukumbini bila mwenzake. Mwenzake alishapewa jina hata kabla hajaonekana: topu. Wapo wanafizikia waliotaka wawili hao waitwe Uzuri na Ukweli. Uzuri ndiye aliyepatikana 1977. Ukweli akawa anatafutwa.

Miaka ya kukosa, na miaka ya kukosea

Kila mtu alidhani haitachukua muda. Uzito wa chembe hizi hupimwa kwa kipimo kiitwacho GeV, na protoni moja ina uzito unaokaribia GeV 1. Botomu ina GeV kati ya 4 na 5. Watu wakapiga hesabu za haraka haraka: topu itakuwa 15 hivi, au 20. Wajerumani wakajenga mashine yao Hamburg, ikaitwa PETRA. Wakatafuta hadi 23, wapi! Wajapani wakajenga TRISTAN, wakafika karibu 30. Hakuna kitu.

Halafu ikaja 1984. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kundi la UA1 chini ya Carlo Rubbia lilikuwa limetoka kupata ushindi mkubwa. Mwaka 1983 walipata chembe za W na Z, na ushindi huo ulimletea Rubbia na Simon van der Meer tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Mambo yalikuwa moto moto. Katika joto hilo UA1 wakatangaza kwamba wameona dalili za topu yenye uzito kati ya GeV 30 na 50. Magazeti yakaandika. Ukweli kapatikana!

Hakupatikana. Takwimu zilipoongezeka, na hesabu ya matukio ya kawaida yanayoweza kujifanya topu ilipofanywa upya kwa makini, dalili ile ikayeyuka. Mwaka 1988 UA1 hao hao waliandika kwamba topu, kama ipo, ina uzito zaidi ya GeV 44. Yaani waliyoyaona hayakuwa topu.

Wala si Ulaya tu. Lederman mwenyewe, mwaka 1976, kundi lake lilitangaza chembe mpya ya GeV 6, likaipa na jina, Upsiloni. Ilikuwa bahati nasibu ya namba. Wenzake wakamtania kwa kulichanganya jina la chembe na jina lake. Chembe ya kweli, ile iliyoleta botomu, ilikuja mwaka uliofuata, na jina likahamishiwa kwake. Kwa hiyo watu wa Fermilab waliposimama mwaka 1994, walisimama juu ya makaburi ya matangazo mawili. Hapo unaanza kuelewa uoga wao.

Mashine ya uwandani

Fermilab ilianzishwa mwaka 1967 kwenye uwanda wa Batavia, jimbo la Illinois. Mkurugenzi wake wa kwanza, Robert Wilson, alikuwa mwanafizikia na mchonga sanamu. Alileta nyati wa Kimarekani wakafugwa kwenye nyasi za maabara, na mpaka leo kundi lipo. Mwaka 1969 seneta mmoja alimuuliza bungeni kama mashine hiyo ingesaidia ulinzi wa nchi. Wilson akajibu kwamba haihusiani moja kwa moja na ulinzi, ila inasaidia kuifanya nchi istahili kulindwa. Jibu hilo hunukuliwa hadi leo.

Mashine iliyokuja kuikamata topu iliitwa Tevatron. Ni handaki la mviringo lenye mzingo wa kilomita 6.3, limejaa sumaku zilizopozwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri, ili umeme upite bila ukinzani. Protoni zilikimbizwa upande mmoja, antiprotoni upande mwingine, karibu kabisa na kasi ya mwanga, kisha zikagonganishwa. Antiprotoni haziokotwi njiani: ilibidi urushe protoni kama 100,000 kwenye kipande cha metali ili upate moja au mbili. Zilikuwa zinatunzwa kuliko dhahabu.

Palipotokea migongano palijengwa vitambuzi viwili, kila kimoja kina uzito wa tani 5,000 hivi, kila kimoja kina watu wake: CDF na DZero. Makundi haya mawili yalikula kantini moja, lakini kila moja lilitunza takwimu zake kivyake. Huo ulikuwa mpango kamili: mmoja akisema ameona, mwingine aweze kumkagua.

Kuhesabu kisichoonekana

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, kwa hiyo twende taratibu.

Topu haipigwi picha. Inaishi muda mfupi usiosemeka. Igawe sekunde moja vipande trilioni, chukua kipande kimoja, kigawe tena vipande trilioni. Topu inaishi kama nusu ya kipande hicho cha mwisho. Huzaliwa kwa jozi, topu na pacha wake wa kinyume, na kabla hujasema lolote zote mbili zimeshakufa. Unachokiona ni warithi tu. Kila topu huacha botomu mmoja na chembe nzito ya W. W naye anakufa papo hapo: mara mbili kati ya tatu huacha kwaki nyepesi, ambazo kila moja hutoka kama mchirizi wa chembe nyingi. Mara moja kati ya tatu huacha elektroni, au muoni, au jamaa yao mzito tau, pamoja na nyutrino. Nyutrino hupita bila kugusa kitambuzi. Ni kama mwizi wa usiku: humjui kwa sura, unamjua kwa kilichopungua ndani.

Kwa hiyo unatafuta tukio lenye, kwa mfano, elektroni moja kali, nishati iliyopungua bila maelezo, na michirizi mitatu au minne. Zaidi ya hapo unataka alama ya botomu. Botomu husafiri milimita chache tu kabla ya kufa, na CDF walikuwa wamefunga mwaka 1992 kifaa cha silikoni katikati kabisa ya kitambuzi, kinachoweza kuona kwamba njia za chembe hazianzii pale mgongano ulipotokea, zinaanzia pembeni kidogo.

Tatizo ni chuya. Anayechagua mchele kwenye ungo anajua: kuna punje inang'aa kama mchele, kumbe ni chuya. W anaweza kuzaliwa peke yake bila topu yoyote, akafuatana na michirizi ya kawaida, na tukio likafanana na topu kama mtu na pacha wake. Huwezi kulishika tukio moja ukaapa: hili ni topu. Hakuna aliyewahi kuweza, na hakuna atakayeweza. Unachoweza ni kuhesabu. Chuya zilitarajiwa kuwa ngapi? Tumepata ngapi? Zilizozidi ni za nani?

Na kuna hesabu nyingine inayofuata hiyo, nayo ndiyo roho ya makala haya. Haitoshi kusema topu zipo. Inabidi useme zinazaliwa kwa wingi gani, maana nadharia ya kwaki inatoa jibu lake kwa karatasi na kalamu, na jibu lako lazima likutane na lile. Wanasayansi hupima wingi huo kama eneo, kana kwamba unarusha mawe kizani na kuuliza shabaha ina upana gani. Kipimo chenyewe kina historia ya utani. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Purdue walihitaji jina la eneo linalotoshana na kiini cha atomu. Wakaliita barni, kwa neno la Kiingereza la ghala la shambani, kwa sababu kwa chembe inayorushwa shabaha hiyo ni kubwa kama ghala, hata kipofu hakosi. Topu haina ghala. Topu hupimwa kwa pikobarni, sehemu moja ya trilioni ya barni. Kwenye Tevatron ilikuwa kama jozi moja kwa kila migongano bilioni kumi.

Kumi na mawili

Kati ya Agosti 1992 na Mei 1993 CDF walikusanya zaidi ya migongano trilioni moja. Kwa wingi huo, kila pikobarni moja ya kipimo ingekuwa na maana ya jozi 19 za topu zilizozaliwa. Nadharia ilisema, kwa topu ya uzito waliokuja kuupata, tarajieni kama pikobarni 5. Piga hesabu: jozi kama 100 kwa msimu mzima. Wingi wa hizo zingepotea kwa kuwa zimejificha katikati ya chuya au zimepita pembeni. Zingebaki za kuhesabika kwa vidole.

Wakatafuta kwa njia tatu. Njia ya kwanza, matukio yenye elektroni au muoni mbili: walipata 2, chuya zilitarajiwa 0.56. Njia ya pili, alama za botomu kwa silikoni: walipata 6, chuya 2.3. Njia ya tatu, botomu inayojulikana kwa elektroni au muoni dhaifu ndani ya mchirizi: walipata 7, chuya 3.1. Baadhi ya matukio yalinaswa kwa njia zaidi ya moja, kwa hiyo ukiyaweka pamoja ni 12. Uwezekano wa chuya peke yake kufikia kiasi hicho ulikuwa asilimia 0.26, yaani kama mara moja katika mia nne.

Mara moja katika mia nne! Kwenye karata ungeweka fedha yote mezani. Lakini jamaa hawa walikumbuka 1976, walikumbuka 1984. Wakabishana miezi na miezi. Kila njia ya kuhesabu ilikaguliwa na wale wasioiamini. Na hali ya nje haikuwa shwari: Oktoba 1993 Bunge la Marekani lilikuwa limeua mradi wa mashine kubwa zaidi kule Texas, huku dola kama bilioni 2 zimekwishatumika na kilomita zaidi ya 20 za handaki zimekwishachimbwa. Fizikia ya chembe ilihitaji habari njema kuliko wakati wowote. Ungekuwa wewe usingetamka lile neno? Jiulize kwa dhati.

Wao waliandika makala marefu kupita desturi, na kwenye kichwa wakaweka neno ushahidi. Na ndani yake, ndugu msomaji, waliweka jambo ambalo mimi ndilo lililonifanya niandike. Waliorodhesha yale yanayowapinga.

La kwanza: waliangalia matukio yenye chembe ya Z badala ya W. Topu haileti Z kwa namna hiyo, kwa hiyo alama za botomu hapo zilipaswa kuwa adimu. Walitarajia 0.64, wakapata 2. Kidogo, lakini inakera kama mchanga kwenye wali. La pili ni kubwa zaidi. Walipogeuza matukio yao kuwa kipimo cha wingi, walipata pikobarni 13.9, huku makosa ya kipimo yakiwa kama 6 juu na 5 chini. Nadharia ilisema 5. Yao ilikuwa karibu mara tatu!

Fikiria. Unadai umemwona mtu ambaye dunia nzima inamtafuta. Unaulizwa ana kimo gani, na unajibu kwa kimo ambacho si cha binadamu wa kawaida. Ungeweza kunyamaza kuhusu kimo. Ungeweza kusema, "Tumemwona, maelezo baadaye." Wao walichapa 13.9 mbele ya macho ya watu. Ama nadharia ina kasoro, ama kuna jambo jipya linalozalisha topu za ziada, ama sisi tumebahatika tu na matukio mengi kuliko kawaida. Hatujui. Namba ndiyo hiyo.

DZero, majirani, walikuwa nao wana matukio yao machache, lakini hayakutosha kusema kitu. Wakasema hivyo hivyo. Hawakuwasindikiza wenzao kwa heshima ya ujirani, wala hawakuwapinga kwa wivu.

Neno linatamkwa

Mashine ikaendelea kugonga. Kila mwezi takwimu zikaongezeka, na kama ilikuwa chuya, zile 12 zingeanza kuzama kama za UA1. Hazikuzama. Februari 24, 1995, makundi yote mawili yalipeleka makala yao kwenye jarida la Physical Review Letters siku moja, na Machi 2 yakatangaza pamoja Fermilab. Safari hii neno lilikuwa lile lenyewe. Tumegundua.

CDF sasa walikuwa na takwimu zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo. Kwa njia ya silikoni walihesabu alama 27, chuya zikitarajiwa 6.7. DZero walikuwa na matukio 17, chuya 3.8. Uwezekano wa bahati tupu, kwa kila kundi, ulishuka hadi moja au mbili katika milioni. Uzito: CDF walisema GeV 176, DZero walisema 199, kila mmoja akiwa na nafasi ya makosa iliyotosha kukutana na mwenzake. Topu ilikuwa nzito kuliko alivyoota mtu mwaka 1977, inakaribia atomu nzima ya dhahabu, ilhali ni chembe moja isiyo na kitu ndani yake kinachojulikana.

Na wingi je? Ile 13.9? CDF walipata 6.8, DZero walipata 6.4. Imeshuka. Imekuja kukaa jirani na nadharia. Kumbe mwaka 1994 walikuwa wamebahatika: topu zilikuwa kweli, lakini msimu ule ziliwajia kwa wingi kupita kiasi chake. Sasa tazama uzuri wa jambo hili. Kama wangekuwa wameificha 13.9, au wameipunguza ili ifanane na nadharia, hakuna ambaye angejua mwaka 1995 kwamba kipimo kinajirekebisha chenyewe. Namba iliyowaaibisha ndiyo iliyokuja kuwashuhudia.

Baada ya sherehe

Kwenye riwaya, hapa ndipo tungeandika mwisho. Wanasayansi hapa ndipo walipoanza kazi. Tevatron iliongezwa nguvu, ikaanza duru ya pili mwaka 2001, na ikafanya kazi hadi Septemba 30, 2011. Siku hiyo Helen Edwards, mwanafizikia aliyeongoza ujenzi wake, ndiye aliyebonyeza vitufe vya kuizima. Takwimu za CDF na DZero zilipounganishwa, jibu la mwisho, lililochapishwa 2014, lilikuwa pikobarni 7.60, makosa 0.41. Kipimo kiko juu kidogo kuliko cha 1995 kwa kuwa nguvu ya mashine nayo iliongezwa. Kwa nguvu hiyo nadharia, baada ya hesabu ngumu iliyokamilishwa 2013 na Michal Czakon, Paul Fiedler na Alexander Mitov, ilisema kama 7.35. Kutoka makosa ya karibu nusu nzima ya kipimo hadi makosa ya asilimia 5. Miaka ishirini, kwa ajili ya namba moja.

Kisha kazi ikahamia CERN, kwenye LHC, mashine yenye mzingo wa kilomita 27. Huko nguvu ni kubwa mno, na kipimo kimepanda hadi karibu pikobarni 830. Kundi la ATLAS mwaka 2023 lilitoa 829, makosa 15, chini ya asilimia 2. Kati ya 2015 na 2018 pekee, ndani ya ATLAS zilizaliwa jozi za topu zaidi ya milioni 100. Milioni mia moja! Wazee wa 1994 walikuwa nazo kumi na mbili, na baadhi zilikuwa chuya.

Ungedhani kwa utajiri huo watu wangeanza kutamba. Lakini mwaka 2025 kundi la CMS, jirani wa ATLAS, lilitoa makala kuhusu jambo la ajabu: pale ambapo nishati inatosha kwa shida tu kuzalisha topu mbili, kuna jozi zilizozidi matarajio. Ziada yenyewe ni kama pikobarni 8.8, yaani zaidi ya uzalishaji wote wa Tevatron, ikiwa imejificha ndani ya 830 kama sindano kwenye gunia la pamba. ATLAS nao wakaiona mwaka huo huo. Wengi wanadhani ni topu na pacha wake wakishikana mikono kwa kitambo kifupi kabla ya kufa, jambo lililodhaniwa kwa miaka mingi kuwa haliwezi kuonekana kwenye mashine ya namna hii. Jina la chembe hiyo ya wawili lipo tayari, zuri, limekaa linasubiri.

Nimetazama kichwa cha makala ya CMS. Hawakuliweka hilo jina. Waliandika tu kwamba wameona ziada.